Swali la Kurudi

Kila ninapofungua mkoba na kuikunjua mikono minne ya droni yangu mbele ya watu, swali la kwanza huwa ni lile lile: inakwenda umbali gani? Zamani nililijibu kwa majivuno, kana kwamba mimi ndiye niliyeiunda, nikitaja kilomita zilizoandikwa kwenye boksi. Siku hizi najibu kwa mkato, kwa sababu baada ya miaka mitatu ya kuirusha nimekwisha kujua kwamba kwenda hakuna kazi. Hata mtoto aliyeishika rimoti kwa mara ya kwanza anaweza kuipeleka. Kazi iko katika kuirudisha, na karibu kila kosa nililowahi kulifanya, likiwamo lile lililonivunjia rafadha mbili, yaani mapanga yanayoiinua, kwa mpigo, lilitokana na kutolifikiria jambo hilo kabla droni haijanyanyuka ardhini.

Yangu ni ya jamii ya zile ndogo zisizofika gramu 250, inayokunjika ikatoshea katika kiganja. Uzito huo haukuja kwa bahati, bali ulifuata sheria. Nchini Marekani, kwa mfano, anayerusha kwa kujifurahisha halazimiki kuisajili droni isiyozidi gramu 250, na ndiyo maana kampuni ya DJI ilipotoa Mavic Mini mwaka 2019 iliipima hadi ikafika gramu 249. Kwa Japani, ambako kikomo wakati huo kilikuwa gramu 200, ilitengenezwa nyingine ya gramu 199 yenye betri nyepesi zaidi. Baadaye, mwezi Juni 2022, Japani ikakishusha kikomo hadi gramu 100, na hesabu ile yote ikawa kazi bure. Nalitaja hili kwa kuwa wenye droni ndogo wengi hudhani kwamba wepesi wa chombo umewatoa katika sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mmiliki wa droni yenye kamera anatakiwa kujisajili hata kama ni nyepesi kama yangu, na katika nchi nyingi kikomo cha mita 120 kwenda juu, sharti la kuiona droni kwa macho yako muda wote, na katazo la kuisogelea mipaka ya viwanja vya ndege havichagui gramu. Tena wepesi wenyewe ni wa kuchungwa: ukiifunga ile kinga ya plastiki inayozunguka rafadha, ambayo ndiyo anayoihitaji mno anayejifunza, unavuka gramu 250 bila kujua.

Nianze na upepo, kwa kuwa ndio ulionitia adabu mapema zaidi. Chukua droni inayoweza kwenda mita 10 kwa sekunde katika hewa tulivu, siku ambayo upepo unavuma kwa mita 6 kwa sekunde. Ukiipeleka kule unakoelekea upepo, inasukumwa nao, ikapita juu ya ardhi kwa mita 16 kila sekunde, na kilomita nzima inakwisha kwa dakika moja na ushei. Ukiigeuza, ile 10 inakatwa 6, zinabaki mita 4 tu. Kilomita ile ile sasa inataka dakika nne na zaidi, na inazitaka kutoka katika betri iliyokwisha kuliwa. Mabaharia huuita upepo wa namna hii unaokujia usoni mbisho, na nahodha yeyote angecheka kuona mtu anaondoka bandarini akiufurahia upepo wa mgongoni bila kujiuliza atarudi na upi.

Mimi nilikuwa mtu huyo. Ulikuwa mwezi wangu wa pili, jioni moja katika uwanda wazi, nimesimama kando ya mto ambako majani ya nyasi yalikuwa hayatikisiki. Niliipandisha hadi mita 80, nikaifuatisha kona za mto, nikastaajabia jinsi ilivyokuwa ikiteleza kwa kasi kuliko siku zote. Nilipoigeuza ilikuwa mita 900 kutoka kwangu, betri ikiwa asilimia 29, na programu ilikuwa imeshanishauri mara mbili niirudishe. Namba ya mwendo pale chini ya skrini iliandika 3. Nilikisukuma kijiti cha rimoti hadi mwisho, kidole gumba kikawa cheupe, na namba ikabaki 3. Katika picha niliyokuwa nikiiona moja kwa moja, miti ya ukingo wa mto ilikuwa kama imegoma kupita. Wakati huo nyasi za miguuni pangu zilikuwa bado hazitikisiki, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi, kwa kuwa sikuwa najua jinsi upepo wa juu unavyoweza kuwa mkali kuliko ule wa ardhini, unaopunguzwa nguvu na vichaka, majumba na mawimbi ya ardhi yenyewe.

Kilichoiokoa ni kulitambua jambo hilo hilo, ingawa kwa kuchelewa. Niliishusha, si wima bali huku ikisonga mbele, hadi mita 15 hivi kutoka ardhini, mahali ambapo nilikuwa na hakika hakuna mti wala waya, na mwendo ukapanda hadi 6, kisha 7. Ilitua ikiwa na asilimia 11. Tangu siku hiyo hung'oa nanga kwa upande wa upepo: safari ya kwenda naifanya dhidi ya mbisho, betri ikiwa changa, ili safari ya kurudi isukumwe. Na kabla ya hapo huipandisha juu kidogo, nikaiacha ielee papo hapo na kuitazama imeinama kiasi gani. Droni inayoelea huku imelala ubavu inakwambia habari za upepo kuliko utabiri wowote uliousoma asubuhi.

Kuna kitufe kwenye rimoti chenye mchoro wa nyumba, na wauzaji hukitaja kana kwamba ni dua. Ukikibonyeza, au mawasiliano yakikatika, droni inarudi yenyewe. Ni kweli inarudi, ila inafaa kuelewa inarudije. Wakati wa kupaa, ikishapata setilaiti za kutosha, inahifadhi mahali iliponyanyukia. Ikiitwa nyumbani inapanda kwanza hadi kimo ulichokichagua katika programu, inajigeuza, inanyoosha njia bila kupinda hadi juu ya mahali pale, kisha inashuka. Kimo hicho hupimwa kutoka mahali ulipopaa, kwa kipimo cha kanieneo ya hewa, wala si kutoka ardhi iliyo chini yake kwa wakati huo. Ukipaa chini ya bonde kisha ukaivusha juu ya kilima, skrini itaendelea kuandika mita 30 wakati tumbo la droni linakaribia kugusa majani ya mlimani.

Niliyajua haya yote kwa kusoma. Kusoma huko hakukunisaidia siku niliposimama chini ya kilima nikiipiga picha barabara iliyojikunja upande wa pili. Niliishusha nyuma ya bega la kilima ili niipate barabara kwa ukaribu, na mara picha ikaganda, kisha ikawa kijivu, na maandishi mekundu yakanijulisha kwamba mawasiliano yamekatika. Sikushtuka. Nilijua itapanda hadi mita 30 nilizoziandika mwenyewe na kunijia. Nililolisahau ni mkaratusi mmoja uliosimama begani mwa kilima, pale ambapo ardhi ilikuwa juu yangu kwa mita 12 au zaidi, na mti wenyewe haukupungua mita 25. Hesabu ya darasa la pili ingetosha. Nilianza kuisikia kabla ya kuiona, ule mlio wake wa nyigu, kisha ikatokea, ndogo na imenyooka, ikiufuata mti ule kwa utulivu wa kutisha, kwa kuwa yangu haina vihisi vya kuona vizuizi vya mbele. Nilikuwa na sekunde labda nne, mawasiliano yalikuwa yamesharudi, na ningeweza kukibonyeza kitufe cha kusimamisha. Nilisimama tu nikitazama. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayekata karatasi ngumu kwa mkasi, kisha kimya, kisha mchakacho wa matawi.

Niliipata baada ya saa nzima. Programu huhifadhi alama ya mwisho kwenye ramani, na kama betri ingalimo unaweza kuiamuru ilie na kuwasha taa zake. Nilizunguka vichakani nikitega sikio kama mtu anayemtafuta kifaranga. Ilikuwa imening'inia kwa mkono mmoja katika kichaka cha miiba, imetazama chini, kamera yake ikitetemeka-tetemeka bado inajitahidi kuuweka upeo wa macho sawa. Rafadha mbili zilikuwa zimekatika, mengineyo yote mazima. Sasa hivi, kabla sijafanya lolote, hutafuta kwa macho kitu kirefu kuliko vyote katika eneo zima nitakalorukia, nikaongeza mita 20, na hiyo ndiyo namba ninayoiandika.

Suala la dira ni la kifundi zaidi, lakini wachache hulielewa na linafaa kuelezwa. Setilaiti huijulisha droni mahali ilipo. Haziiambii pua yake imeelekea wapi wakati imesimama. Hilo huambiwa na dira ndogo iliyomo ndani. Dira ikidanganywa na chuma, matokeo yake huwa ya ajabu: droni inaona imesukumwa na upepo kwenda mashariki, inataka kujisahihisha kuelekea magharibi, lakini magharibi inayoijua siyo, kwa hiyo inajisukuma pembeni, inaona kosa limekua, inajisukuma tena. Mimi nilipaa siku moja kutoka juu ya sakafu ya zege yenye nondo ndani yake. Kwa muda mfupi ilielea vizuri. Kisha ikaanza kuchora duara dogo, la pili likawa kubwa zaidi, la tatu kubwa zaidi na la kasi, kama jani lililonaswa na maji yanayozunguka. Sikuwa nimegusa chochote. Niliishusha kwa nguvu kwenye nyasi kabla duara halijaufikia ukuta. Tangu hapo sipai juu ya zege, wala juu ya boneti ya gari, wala karibu na mfuniko wa chuma wa mtaro, na programu ikiniomba niirekebishe dira husogea kwanza hatua ishirini, kwa sababu kuirekebisha dira ukiwa juu ya chuma ni kuifundisha uongo.

Rafadha zenyewe, ambazo wengine tunaziita mapangaboi, zina hila moja. Mbili huzunguka kwa mwelekeo wa saa na mbili kinyume chake, zikiwa zimekaa mshazari, ili nguvu ya kuizungusha droni yenyewe ijifute. Ukitaka igeuke kulia au kushoto, kompyuta yake huongeza kasi ya jozi moja na kupunguza ya nyingine. Baada ya ajali ya mkaratusi nilibadilisha mapanga kwa mikono iliyokuwa bado na hasira, sikuitazama alama ndogo iliyochorwa kwenye baadhi yake na kwenye mikono inayostahili kuyabeba, nikaifunga jozi ya kulia kushoto. Nilipoiwasha na kuipa nguvu, haikupaa kabisa. Ilijipindua kama samaki aliyetupwa mchangani na kuanza kuzikata nyasi ikiwa chali.

Betri ni mlango wa mambo mengi, na nitayataja yale yaliyonigusa. Yangu ina seli mbili za lithiamu na inabeba umeme wa kama saa-wati 17. Dakika 30 zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa katika hewa tulivu kwa mwendo wa kiasi. Mimi huhesabu 20 na kuziita zote. Seli iliyojaa hufika volti 4.2, na kuiacha imejaa hivyo kwa wiki nyingi, hasa mahali pa joto, ni kuiua polepole. Niliisahau moja ndani ya gari lililoshinda juani, imejaa pomoni, na nilipokuja kuitoa ilikuwa imevimba tumbo kiasi kwamba haikuingia tena katika tundu lake. Betri iliyovimba haichajiwi, haibanwi, haitobolewi. Niliiweka mbali na kitu chochote kinachoshika moto hadi nilipoikabidhi kwa wanaopokea taka za aina hiyo. Zilizobaki nazihifadhi zikiwa nusu. Nikisafiri kwa ndege hukaa nami katika mzigo wa mkononi, kwa sababu betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mizigo inayowekwa chini, na ncha zake za chuma huzifunika kwa utepe ili zisigusane na funguo. Za droni ndogo ziko chini kabisa ya kikomo cha saa-wati 100 ambacho mashirika ya ndege hukiruhusu bila kibali.

Kuhusu watu nitasema machache ingawa uzito wake si mdogo. Mwezi Desemba 2018 safari za uwanja wa Gatwick nchini Uingereza zilisimamishwa kwa sababu ya taarifa za droni kuonekana karibu na njia ya kurukia, na abiria wapatao 140,000 wakavurugikiwa safari zao. Habari kama hizo zimefanya mlio wa rafadha uwe mlio wa shaka. Sisemi kwamba watu wanakosea. Jirani yangu mmoja alikuwa akianika nguo uani kwake wakati nikiipitisha juu ya paa, akainua uso, akaziba macho kwa kiganja, na jioni akanisubiri mlangoni.

"Mwanangu, kile kidudu kilikuwa kinanitazama?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nakipeleka upande wa bonde."

"Mimi nitajuaje?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Kamera inaelekea mbele, inaelekea chini, na aliye chini hawezi kujua. Nilimfungulia simu nikamwonyesha video yote mwanzo hadi mwisho, akajiona kama doti lenye kivuli kirefu kwa sekunde mbili, akacheka, akaniomba nizifute hizo sekunde mbili. Nilizifuta mbele yake. Siku hizi naizunguka mitaa badala ya kuivuka, na kama lazima nivuke, hubisha hodi kwanza.

Kisha kuna picha zenyewe, ambazo ndizo zilizonifanya niinunue. Kila anayeanza huipandisha juu mno, nami nilifanya hivyo hivyo: nilirudi na mamia ya picha za kutoka mita 100 ambazo hazitofautiani na ramani. Lenzi ya droni hizi ni pana, inayapunguza yaliyo mbali hadi yanakuwa punje. Picha ninazozihifadhi sasa nyingi zimepigwa kati ya mita 5 na 30, kimo ambacho mtu hakifikii kwa urahisi kwa ngazi wala ndege ya abiria haikishukii, na zimepigwa jua likiwa chini kabisa, wakati kivuli cha mti ni kirefu kuliko mti. Ninayoipenda kuliko zote ni ya uwanja wa mpira usio na watu. Nilikuwa nimeupita uwanja ule kwa miguu miaka mingi bila kuona kitu. Kutoka mita 25, kamera ikitazama chini wima, zilionekana njia nne nyembamba zilizokatwa na miguu ya watu zikiupita kimshazari, zikikutana mahali pamoja ambapo si katikati ya uwanja, kando kidogo, kwa sababu kila aliyepita alilikwepa dimbwi ambalo mwezi ule lilikuwa limekauka. Dimbwi halikuwapo, kona za njia zilibaki.

Kwa video nina neno moja tu: polepole. Kwa fremu 25 kwa sekunde, mwendo huonekana laini kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, ikiwa karibu na sekunde 1/50, na kwa jua la mchana hilo halipatikani bila kuivalisha lenzi kichujio cheusi, yaani miwani yake ya jua. Nilivinunua vichujio hivyo mwaka wa pili, na nakiri kwamba nusu ya video zangu za mwaka wa kwanza zinaruka-ruka kama katuni.

Juma lililopita niliamka kabla ya alfajiri, nikapanda kilima kwa dakika arobaini na mkoba mgongoni, nikafika juu ukungu ukiwa bado umelala bondeni kama maziwa ndani ya bakuli. Niliupima upepo, nikaandika kimo cha kurudi, nikasogea mbali na uzio wa chuma, nikahesabu setilaiti, nikahakikisha mapanga. Jua lilikuwa linachomoza, kwa hiyo ujumbe mdogo wa manjano uliokuwa juu ya skrini sikuusoma. Niliirusha dhidi ya upepo, nikaishusha hadi ikaugusa mgongo wa ukungu, nikaizungusha taratibu kwa dakika kumi na nane, na ikanirudia ikiwa na asilimia 34, nikaidaka kwa kiganja ili rafadha zisitimue vumbi. Nilipofungua tundu la pembeni nitoe kadi, nikakumbuka kwamba kadi nilikuwa nimeiacha ndani ya kompyuta, mezani, tangu usiku.